Nyota za Desemba: Tumpimeje Kocha Msaidizi Anayesaka Wachezaji?

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu na vijana, habari za jioni.

Mniruhusu nianzie mlangoni kwa dada yangu, hapa hapa Columbus, Ohio. Desemba 2021 kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani wa chuo kikuu kimoja, ambacho sitakitaja, alikuja kumwona mpwa wangu aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Alipofika alikuta viatu vyetu vimepangwa kizingitini. Hakuuliza kitu. Aliinama, pande la mtu la kilo mia na ushei, akafungua kamba za viatu vyake, akaingia na soksi. Alipoona mama yangu anakula pilau kwa mkono, naye akausogeza uma kando. Mama akamuuliza, mimi nikiwa mkalimani: "Mjukuu wangu akiugua huko, nani atakuwa naye?" Yule bwana akarudisha tonge sahanini, akamtazama mama, akajibu: "Ni mimi." Mama akanigeukia: "Huyu kalelewa. Mpeni mtoto."

Kijana akatia saini. Januari haijaisha, kocha yule akawa ameshahamia chuo kingine.

Sikuja hapa kumsema. Makocha wasaidizi wanaishi kwa mikataba mifupi, na kocha mkuu akifukuzwa wote hufunga virago. Kilichoniuma, na ndicho kilichonitia katika kazi ninayotaka kuwaeleza leo, ni kwamba kwenye orodha ya wasajili bora ya msimu ule, inayowapanga makocha kwa vijana waliowaleta, pointi za mpwa wangu zilihesabiwa kwake zote, na hazijafutwa hadi leo. Kijana alidumu chuoni pale msimu mmoja tu. Orodha haina mahali pa kuandika hilo.

Mimi ni mwalimu wa takwimu, na namba ikitumika vibaya kumpima mtu huwa situlii.

Kwa wale ambao futiboli ya Kimarekani mnaiona kwenye televisheni tu, niseme kidogo. Hapa hakuna ada ya uhamisho kama tulivyozoea kwa Simba na Yanga. Chuo kinamfuata kijana wa miaka 16 au 17 shuleni na nyumbani kwao, na wanaoruhusiwa kutoka kwenda kumfuata ni kocha mkuu na wasaidizi wake 10. Kila msaidizi ana kazi mbili. Anafundisha kundi lake, tuseme wapokeaji, yaani wadakaji wa mpira, au walinzi wa mstari wa mbele, na anashika kipande chake cha ramani, tuseme kusini mwa Georgia au vitongoji vya Houston. Kazi ya kwanza tunaiona kila Jumamosi. Ya pili inafanyika kwenye simu saa nne usiku, kwenye magari ya kukodi, kwenye ofisi za makocha wa sekondari. Sisi tunaona mwisho wake tu, siku ya kutia saini, ambayo tangu 2017 kwa vijana wengi ni Desemba badala ya Februari.

Na siku hiyo zinamwagwa nyota. Kampuni kama Rivals, 247Sports na ESPN humpa kila kijana alama na nyota, mwisho tano. 247Sports huwapa nyota tano vijana wapatao 32 kwa mwaka, kwa sababu raundi ya kwanza ya drafti, zoezi la kila mwaka ambalo timu za NFL, ligi ya kulipwa, huchagua vijana, ina nafasi 32. Halafu kila kijana aliyekubali chuo huandikiwa jina la kocha aliyemleta, pengine na la pili aliyesaidia. Unajumlisha alama, unapanga majina, unapata msajili bora wa mwaka. Kocha aliye juu ya orodha hiyo hupigiwa simu za kazi, na mshahara wake hupanda.

Sisemi nyota ni uongo. Mwandishi Bud Elliott alihesabu kwa miaka mingi sehemu ya wachezaji wa nyota nne na tano katika kila timu, na kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Ohio State walipochukua ubingwa wa msimu wa 2024, kila bingwa alikuwa na zaidi ya nusu ya wachezaji wa namna hiyo katika usajili wake wa miaka minne. Anayewaambia nyota hazina maana hajatazama.

Kosa linaingia pale tunapochukua namba iliyotengenezwa kumpima kijana, tukampimia nayo aliyemleta. Kijana wa nyota tano akiingia Alabama, alivutwa na nini? Na jezi, na uwanja unaojaa watu laki moja, na kocha mkuu Nick Saban alipokuwepo, na picha za waliotangulia zilizojaa ukutani. Kocha msaidizi aliyeandikiwa pointi pengine alifanya kazi kubwa sana, pengine alifungua mlango tu. Namba peke yake haisemi.

Chukueni mfano wa kutunga. Kocha wa kwanza anafanya kazi kwenye chuo ambacho, kabla hajafika, wapokeaji wake walikuwa na wastani wa alama 0.93, moja ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Yeye anawaleta wa 0.93. Wa pili yuko kwenye chuo kilichokuwa kikipata wa 0.84, naye analeta wa 0.87. Kwenye orodha wa kwanza yuko kileleni, wa pili hatajwi. Mimi nikiulizwa nani ameongeza kitu, sina shaka hata kidogo. Wa kwanza ameshika nafasi iliyokuwa imeshajaa. Wa pili ameisogeza. Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloandika kwenye daftari langu juu ya kocha yeyote ni chuo chake na eneo lake vilikuwa vikileta nini kabla yake, kwa miaka isiyopungua minne. Bila hilo, mengine yote ni kelele.

Lakini hata ukishajua hilo, bado kuna swali la nani hasa alimleta mtoto. Hapa Columbus tunao mfano ambao naurudia darasani kila mwaka.

Mwaka 2017 Ryan Day alikuwa msaidizi Ohio State, chuo chetu cha hapa, akifundisha makwotabeki, yaani warushaji wa mpira. Alisafiri hadi San Marcos, kaskazini mwa San Diego, kwenye shule ya Mission Hills, kumtazama kwotabeki Jack Tuttle. Kwotabeki hawezi kurusha bila wa kudaka, na aliyekuwa akidaka siku ile ni kijana mwembamba aitwaye Chris Olave. Olave alikuwa amehama shule na kanuni zikamweka nje msimu mzima, na msimu huo ndio ambao vyuo hutazama zaidi. Watu hawakumjua. Day alikwenda kutazama mkono wa mrushaji, macho yakabaki kwa mdakaji.

Tuttle alikwenda Utah. Olave, nyota tatu, akaja hapa. Novemba 2018, akiwa mwaka wa kwanza, aliwafunga Michigan mara mbili na kuzuia mpira wa teke. Aliondoka na rekodi ya chuo ya miguso (touchdown) 35 ya kudaka, akachukuliwa wa 11 kwenye drafti ya 2022.

Sasa nisaidieni. Pointi za Olave ni za nani? Ni za Day, aliyemwona? Ni za aliyekuwa kocha wa wapokeaji kijana alipotia saini, ambaye aliondoka kabla Olave hajacheza hata mechi moja? Au ni za Brian Hartline, aliyekabidhiwa wapokeaji mwaka 2018 na kumfundisha kukimbia njia zake kwa usahihi ule ambao wengi wenu mliushangilia? Na safari yenyewe ya San Marcos, kwa hesabu ya orodha, ilikuwa hasara, maana aliyefuatwa hakuja. Bado sijaona safari yenye faida zaidi ya hiyo.

Hartline huyo huyo anatuonyesha fundo jingine. Kati ya 2022 na 2025 wapokeaji watano wa Ohio State walichukuliwa raundi ya kwanza: Garrett Wilson, Olave, Jaxon Smith-Njigba, Marvin Harrison mdogo na Emeka Egbuka. Watu husema, tazama anavyojua kuchagua. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anajua kufundisha, na vijana wanamfuata kwa sababu wameona waliotangulia wamefika. Kuchagua, kushawishi na kufundisha vimesokotwa kamba moja. Kwa kocha anayewapata wenye nyota nyingi, siwezi kuzifumua nyuzi hizo kwa drafti peke yake. Kwa kocha anayewapata wasiotakiwa na mtu, naweza kiasi.

Ndiyo maana nawapenda watu wa Wyoming. Jimbo zima halifikishi watu 600,000. Chuo kiko Laramie, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake ni wa kufukuza watu. Josh Allen alikulia shambani Firebaugh, California. Hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Akaenda chuo kidogo cha Reedley, akawaandikia barua pepe makocha nchi nzima, na milango karibu yote ikabaki imefungwa. Wyoming wakamfuata. Mwaka 2018 alichukuliwa wa saba, na leo ni miongoni mwa makwotabeki wakubwa wa NFL.

Ungesema ni bahati, nami ningekubali, kama isingekuwa jambo moja. Kocha mkuu Craig Bohl na msaidizi wake Brent Vigen walikuwa wametoka North Dakota State, ambako walimsajili Carson Wentz, aliyechukuliwa wa pili mwaka 2016. Sehemu mbili zenye baridi, mbali na kila kitu, na kila moja ikatoa kwotabeki wa raundi ya kwanza kwa watu walewale. Vijana wawili ni wachache mno kwa mwanatakwimu kutoa hukumu. Lakini kama ningekuwa kocha mkuu natafuta msaidizi wakati ule, ningempigia simu Vigen kabla ya yeyote aliye kileleni mwa orodha.

Upande wa pili wa mizani ni kijana anayegombewa. Dabo Swinney, kabla ya kuwa kocha mkuu wa Clemson mwaka 2008, alikuwa kocha wa wapokeaji. Mwaka 2006 alimpata C.J. Spiller, mkimbiaji wa Lake Butler, Florida, mji mdogo karibu na Gainesville, makao ya Chuo Kikuu cha Florida. Kumtoa mtoto yule pembeni mwa uwanja ule na kumpeleka South Carolina ni kazi ya mtu, si ya jezi. Kwa hiyo naandika pia nani mwingine alimtaka kijana, na nyumbani kwao ni umbali gani.

Pesa nitaipitia haraka, ingawa najua vijana mmeisubiri. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Tangu 2025, baada ya maridhiano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo walidai malipo, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao wote kwa pamoja, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza, na ukomo wa udhamini wa masomo 85 kwa timu ya futiboli umegeuka kuwa ukomo wa wachezaji 105. Msaidizi wa chuo tajiri anaingia sebuleni na mfuko. Namna ya kumpima haibadiliki: unauliza alipata nini kuliko mwingine mwenye mfuko kama wake.

Kinachobadilisha kazi yangu zaidi ni mlango wa uhamisho, yaani orodha anamoandikwa mchezaji anayetaka kuhama chuo, uliofunguliwa Oktoba 2018, na ruhusa ya 2021 ya kuhama bila kukaa nje msimu. Zamani ningeweza kuwafuata waliotia saini kwa miaka minne nikawahesabu. Sasa wengine wameondoka kabla hawajazoea mabweni. Mimi humkata kocha alama kwa kijana aliyeondoka bila kucheza, na najua si haki kila mara, kwa kuwa wengine huondoka kocha akiwa ameshatangulia. Kama mpwa wangu.

Wazazi mlio hapa, watoto wetu wapo kwenye viwanja hivi. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alitoka Indianapolis akaenda Boston College, na New York Giants wakamchukua raundi ya kwanza mwaka 2006. Kocha akija kwako, mpe chakula. Kisha muulize vijana aliowasajili miaka minne iliyopita wako wapi, mmoja mmoja, kwa majina. Anayewajua atakujibu bila kufungua simu.

Alikuwepo kocha wa pili. Alitoka chuo kidogo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwandikia mpwa wangu, kijana akiwa mwaka wa pili wa sekondari. Tulimkataa. Alimpigia dada yangu kumshukuru kwa kumpokea nyumbani, kisha akanyamaza kabisa, maana kanuni zinakataza kumsemesha mchezaji wa chuo kingine. Siku jina la kijana lilipoingia kwenye mlango wa uhamisho, simu ya kwanza ilikuwa yake. Aliuliza hali ya bibi kabla ya kuuliza habari za mpira. Kijana alicheza kwake misimu miwili, na Mei iliyopita amehitimu.

Mama hajui kulitamka jina la kocha huyo, humwita "yule aliyeshukuru". Kwenye orodha ya Desemba 2021, mbele ya jina la mpwa wangu, hana hata pointi moja.