Chuma Kitupu Kisilale Nje: Kukinga Vipuri na Kutu Unapofufua Gari Uani

Assalaam alaykum watazamaji, karibuni. Leo tupo Wete, Pemba, na gari mnaloliona hapa ni Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Gereji yenye paa hatuna. Tunalifungua lote hapa hapa uani, na kazi kama hii kwa mtu mwenye shughuli zake nyengine ni ya miezi. Kutoa kutu kila fundi anajua. Tunachotaka kuona leo ni namna ya kuizuia isirudi huku kazi bado inaendelea.

Kutu inataka chuma, hewa na maji. Chumvi inaichochea, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo juu ya chuma. Tena chumvi yenyewe inavuta maji kutoka hewani: unyevu ukipita kama asilimia 75, inaanza kuyeyuka pale ilipotua. Kwetu sisi unyevu huo ni wa kila usiku, hata mvua isinyeshe.

Tuanze na mahali. Gari lisikae chini ya mti. Majani yanadondoka, yanaziba mikondo ya maji na kuweka unyevu. Lisikae juu ya mchanga wa pwani pia, mchanga ule una chumvi. Sisi tumelinyanyua kwa matofali na magogo, chini tumetandika nailoni nzito ili mvuke wa ardhi usipande kwenye chasisi, yaani ile fremu ya chini inayobeba gari. Ukiweza, jenga banda la makuti. Bati hutoka jasho alfajiri na kukudondoshea. Makuti hayana tabia hiyo.

Kama una turubai tu, sogeza kamera hapa waone. Turubai halikugusa gari. Tumepitisha boriti juu, kamba huku na huku, na pande mbili ziko wazi upepo upite. Ukilifunika gari likabana kama mzigo wa meli, jua likipiga mchana maji yanapanda, usiku yanagandia kwenye bodi, na umelitengenezea kutu nyumba.

Sasa jambo la pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote: usifungue wala usikwangue zaidi ya unachoweza kukipaka siku hiyo. Wapemba mnajua kuanika karafuu. Huaniki zaidi ya utakazowahi kuanua wingu likitanda. Na chuma ndivyo hivyo. Rangi ya zamani, hata ikiwa mbovu, ni bora kuliko chuma kitupu. Wengi siku ya kwanza wana hamu, wanapiga grainda gari zima mpaka linang'aa, wanapiga picha, na baada ya wiki wanaanza upya.

Leo tunafanya kipande kimoja, hiki kishikio cha betri. Vaeni miwani, barakoa na glavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, vumbi lake si la kuvuta. Kwanza ondoa grisi na matope kwa dizeli na brashi, kisha osha kwa sabuni. Usianze na msasa, utaisukumia grisi ndani ya mikwaruzo. Halafu brashi ya waya kwa kutu inayobanduka, msasa namba 80 kwa iliyobaki, malizia na 120.

Vipande vidogo vyenye kona, brashi isipofika, vilaze kwenye siki usiku mmoja. Asubuhi kutu inatoka kwa kusugua tu. Lakini siki ni asidi: ukikitoa, kisuuze, kichovye kwenye maji yenye baking soda, kisuuze tena, kikaushe hapo hapo. Usipofanya hivyo kinageuka chekundu mbele ya macho yako. Na aluminiamu usiitie humo.

Maji ya kusuuzia nayo yaangalie. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, unaionja ulimini. Ukisuuzia kwa maji hayo unapaka rangi juu ya chumvi, na baada ya muda rangi inafura malengelenge. Sisi tunatumia maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye pipa.

Sasa saa ya kupaka. Asubuhi mapema chuma ni baridi kuliko hewa, na umande unaokizunguka huuoni. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba chuma kiwe na joto la nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande unaanza kutua. Huna kipimo? Pitisha kitambaa kibichi juu ya chuma, uangalie. Alama ikifutika upesi, paka. Ikiganda pale, subiri. Kwa hapa kwetu mimi naanza saa nne asubuhi na sipaki baada ya saa kumi, ili rangi ishike kabla ya umande wa magharibi. Dakika ya mwisho pitisha kitambaa safi chenye thina, na baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu. Jasho la vidole ni chumvi pia.

Kuhusu praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ndugu zangu, kuna imani moja inatuponza. Ile rangi nyekundu tunayopaka mageti, redoksaidi, watu wanadhani ni kinga kamili. Praima nyingi za kawaida zinapitisha maji. Kazi yake ni kushika chuma na kushikwa na rangi ya juu. Ukiiacha peke yake nje masika nzima, kutu inaota chini yake na wewe huioni. Ukipata praima ya epoksi, ile ya makopo mawili ya kuchanganya, chukua hiyo, inaziba. Ukiwa na redoksaidi, ipe rangi ya mafuta juu yake mara tu muda ulioandikwa kwenye kopo ukifika.

Sehemu zisizopakwa rangi, kama shafti na meno ya gia, zipake grisi nzito, zifunge kwa nailoni. Nati na boliti tia kwenye makopo yenye oili iliyochanganywa na dizeli, kila kopo na maandishi yake. Injini isiyowaka: toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, izungushe kwa mkono, rudisha plagi, ziba njia za hewa na moshi. Ngozi za breki zisiguse oili hata tone.

Chasisi ya Land Rover ni boksi, na inaoza kutoka ndani. Gonga kwa nyundo: pazima panalia, pabovu panadunda. Zibua matundu yote ya chini, pitisha maji ya mvua mpaka yatoke safi, acha jua liikaushe. Kuchomelea kote kumalizike kwanza. Oili ndani ya boksi na moto wa kuchomelea ni hatari. Ndipo upulize oili ndani mpaka iwe inavuja kwenye matundu.

Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu, kwa sababu Land Rover za kwanza zilipoanza kutoka mwaka 1948 chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Haishiki kutu nyekundu, lakini ikigusana na chuma penye chumvi, yenyewe ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe. Tazama hapa kwenye riveti. Wakati wa kurudisha, paka pande zote mbili, weka kipande cha tyubu kuukuu katikati. Ile silikoni inayonuka siki usiitumie, inatoa asidi.

Baki na kazi moja ya kila wiki. Siku ya jua funua turubai, pitisha kidole kwenye viungo na chini ya milango. Ukikuta doa, kwangua palepale, paka siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi.