Quebec Aces: timu ya daraja la chini na watu wake watatu

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko Kanada, kwenye hoki ya barafuni. Baraka umeniletea timu iliyokufa 1971, na wala haikuwa ya ligi kuu. Haya, jitetee.

BARAKA: Nitajitetea kwa watu watatu tu waliovaa jezi yake. Quebec Aces, timu ya jiji la Quebec, ilianzishwa 1928 na kampuni ya karatasi, Anglo-Canadian, kwa ajili ya wafanyakazi wake.

ZUHURA: Timu ya kiwanda. Hizo tunazijua.

BARAKA: Basi hii ilikua ikatoka kiwandani. Mwaka 1944 ikabeba Allan Cup, kombe la ridhaa la Kanada nzima. Lakini jina lake lilivuma hasa alipokuja Jean Béliveau, 1951.

ZUHURA: Huyu hata mimi nimemsikia. Si ndiye wa Montreal Canadiens, ile timu ya ligi kuu?

BARAKA: Ndiye, ila Montreal walimsotea! Msimu wa 1952-53 alifunga mabao 50 katika mechi 57, na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Quebec walimpenda, na pesa alikuwa anapata.

ZUHURA: Subiri. Si umesema ligi ya ridhaa?

BARAKA: Ridhaa ya jina, dada. Posho zilikuwa zinatembea. Sasa sikia ujanja wa Montreal. Kijana alishasaini kwamba siku akiwa mchezaji wa kulipwa, atachezea wao tu. Wakainunua ligi nzima, wakaigeuza ya kulipwa.

ZUHURA: Ligi nzima? Kwa mtu mmoja?

BARAKA: Mmoja! Oktoba 1953 akasaini miaka mitano, zaidi ya dola 100,000. Akaja kubeba Stanley Cup, kombe la ligi kuu, mara 10.

ZUHURA: Haya, huyo alilazimishwa kupanda. Wa pili?

BARAKA: Wa pili ndiye anayeniuma. Herb Carnegie, mzaliwa wa Toronto, wazazi wake kutoka Jamaika. Kabla ya Aces alicheza na kaka yake Ossie na Manny McIntyre, safu nzima ya ushambuliaji ya watu weusi. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1948 New York Rangers, timu ya ligi kuu, wakamwita kambini kwa majaribio.

ZUHURA: Akafeli?

BARAKA: Hakufeli. Walimpa mkataba wa timu zao za chini, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Ofa zote zilikuwa chini ya alichokuwa anapata Quebec. Ana mke na watoto, ashuke mshahara ili akae benchi la nani?

ZUHURA: Mimi ningekataa pia.

BARAKA: Akajiunga na Aces 1949, akacheza pamoja na Béliveau mwenyewe. Wamevaa jezi moja, wamekula barafu moja. Mmoja ligi inanunuliwa kwa ajili yake, mwenzake hakucheza ligi kuu hata dakika moja. Ukumbi wa Heshima wa hoki ulimwingiza 2022, miaka kumi baada ya kufariki.

ZUHURA: Hizo ndizo heshima za kumpelekea marehemu. Mimi zinanikera.

BARAKA: Wa tatu ni Willie O'Ree. Alifika Aces 1956. Tarehe 18 Januari 1958 Boston Bruins wana majeruhi, wakamwita. Akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya NHL. Mechi mbili, akarudishwa Quebec.

ZUHURA: Na jicho? Nasikia moja lilikuwa bovu.

BARAKA: Jicho la kulia lilikuwa karibu limekufa kabisa, alipigwa na kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira, akiwa kijana. Akaficha, maana wangejua asingesajiliwa. Sasa fikiria: anacheza winga ya kushoto, pasi zinatoka katikati, yaani upande wa jicho bovu. Ilimbidi ageuze kichwa chote kuitafuta pasi huku beki anakuja.

ZUHURA: Mama yangu!

BARAKA: Miaka baadaye, akiwa Los Angeles Blades, timu ya ligi ndogo ya magharibi, kocha akamhamishia winga ya kulia. Msimu wa 1964-65 akaongoza ligi hiyo kwa mabao 38.

ZUHURA: Na Aces yenyewe iliuawa na nini?

BARAKA: Mwaka 1967 Philadelphia Flyers, timu ya ligi kuu, waliinunua iwe timu yao ya chini. Mwaka uliofuata upepo ukang'oa paa la uwanja wa Flyers, wakaja kuchezea mechi za nyumbani Quebec.

ZUHURA: Bosi amehamia kwa mtumishi!

BARAKA: Kwa muda tu. Ila mimi nasema aliyeimaliza Aces ni Guy Lafleur. Timu ya vijana ya Remparts ilianza 1969 hapo hapo Quebec, na humo Lafleur akafunga mabao 130 msimu wa 1970-71. Watu wa Quebec wangeenda kuangalia nini kingine? Mwaka huo 1971 Flyers wakaihamishia timu Richmond, Virginia, wakaiita Robins.

ZUHURA: Ikadumu?

BARAKA: Mpaka 1976.