Panga Safari ya Mjini kwa Kusoma Majira: Twende Hatua kwa Hatua

Karibuni tena. Leo tunapanga kutembelea mji, na hatuanzi na tiketi wala hoteli. Tunaanza na hali ya hewa, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chukueni daftari na kalamu. Simu nayo inafaa, ila mimi napenda karatasi, nachorachora ninavyotaka.

Chagua mji. Hilo umeshafanya, tusonge.

Tafuta jedwali la hali ya hewa la miezi 12 la mji huo. Angalia limekusanya miaka mingapi: linalotumika sana sasa ni la miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Likiwa la mwaka mmoja, achana nalo, maana huenda ulikuwa mwaka wa ukame au wa mafuriko.

Mji uko upande gani wa ikweta? Januari Sydney ni kiangazi, Julai Buenos Aires ni baridi. Andika juu ya ukurasa, twende.

Sasa hapa tulieni. Ngoja kidogo, skrini inang'aa kwa mwanga wa dirisha... nafunga pazia. Haya, mnaona? Safu hii imeandikwa "wastani". Usipangie safari kwa safu hii! Imechanganya mchana na usiku ikatoa namba moja. Nilikwenda Marrakech mwezi Januari nikiwa nimesoma namba hiyo tu, 12, nikabeba nguo za nyuzi 12. Kumbe mchana hufika kama 18 na usiku hushuka hadi 6 hivi. Mchana nilizunguka na koti mkononi, usiku koti lenyewe halikutosha. Kwa hiyo soma safu mbili: kiwango cha juu na kiwango cha chini. Ziandike zote mbili.

Wala usikisie kwa jina la mwezi. San Francisco mwezi Julai watu wanavaa sweta, kwa sababu maji baridi ya Pasifiki yanaleta ukungu unaoingia hadi mjini. Joto lake hasa huja Septemba.

Samahani, naona maikrofoni ilikatika hapo katikati. Narudia, na ningerudia hata isingekatika: juu na chini, siyo wastani. Juu na chini.

Tuje kwenye mvua. Nayo ina namba mbili: milimita, na siku za mvua. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba. London inasifika kwa mvua, lakini kwa mwaka inapata kama milimita 600, wakati New York inapata karibu 1,200. London ina mawingu mengi na manyunyu, ndiyo maana mtu anahisi inanyesha kila saa.

Mimi hugawanya milimita kwa siku. Chukua mwezi wa milimita 60 na siku 15 za mvua: ni milimita 4 kila siku ya mvua, rasharasha nusu ya mwezi. Milimita 60 hizo hizo kwa siku 4 ni 15 kila mara, mvua ya kweli, lakini siku zinazobaki ni kavu. Mimi nachagua huo wa pili bila kusita. Siku mvua ikinyesha naingia makumbusho, siku nyingine zote natembea kwa miguu. Ila hesabu hii haikuokoi Mumbai kati ya Juni na Septemba, ambako miezi hiyo minne huleta zaidi ya milimita 2,000. Kama unakwenda kuzunguka mitaani, chagua miezi mingine. Na usidhani kila mahali mvua hufuata joto: Cape Town hunyeshewa wakati wa baridi, Juni hadi Agosti.

Fukuto. Nyuzi 32 za hewa kavu unatembea, nyuzi 32 zenye unyevunyevu nguo zinaganda mwilini. Ukiona unyevu uko juu na usiku haushuki chini ya 25, panga matembezi alfajiri na jioni, adhuhuri ukae ndani.

Mwanga nao uandike. Stockholm mwezi Desemba ina kama saa 6 tu za mchana. Juni ni zaidi ya 18. Orodha ya sehemu kumi za kuona haiingii kwenye saa 6.

Sasa zungushia miezi miwili, siyo mmoja, ili tiketi ikikosekana uwe na pa kukimbilia.

Utabiri wa siku? Usiufungue leo. Ukizidi siku kumi mbele hautegemeki. Ufungue siku tatu kabla ya safari, begi likiwa wazi kitandani, na usome safu zile zile: juu na chini. Kisha ndiyo ufunge zipu.