Kinachotembea ni Kitambaa: Mhadhara kwa Wanaoanza Kudarizi kwa Mashine

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mna swali moja, ninunue mashine gani, nami nitalifikia. Naomba kwanza tuitazame mashine inavyofanya kazi, kwa sababu matatizo mengi ya anayeanza yanatoka hapo.

Cherehani ya kawaida husukuma kitambaa kwa meno yaliyo chini ya mguu wa mashine, ule unaokibana kitambaa, na mikono yako ndiyo inayokiongoza. Kwenye mashine ya kudarizi, sindano hupanda na kushuka mahali pamoja. Kinachotembea ni fremu, kushoto na kulia, mbele na nyuma, ikiwa imekibeba kitambaa. Wazo hili ni la zamani: mashine aliyoibuni Josué Heilmann huko Mulhouse, Ufaransa, mwaka 1828, nayo ilihamisha fremu ya kitambaa mbele ya sindano. Leo kazi ya kuihamisha inafanywa na kompyuta, na kompyuta hiyo inaamini kwamba kitambaa kipo palepale ulipokifunga. Kikiteleza milimita moja, haina habari. Ndipo ua linapotoka na pengo kati ya petali na mstari unaolizunguka, na mwenye mashine analaumu mchoro.

Kuna na jambo la pili. Mchoro wa sentimita 10 kwa 10 uliojazwa vizuri unaweza kufika mishono 12,000 na kuzidi, na kila mshono unavuta kitambaa kidogo. Kitambaa peke yake hakihimili mvuto huo. Kwa hiyo chini yake tunaweka karatasi ya kukazia, na hapa ndipo ningependa mtumie fedha zenu za mwanzo, kabla ya kujaza sanduku la nyuzi za rangi hamsini.

Karatasi hizi ziko za namna tatu kuu. Ipo ya kuchana, inayofaa vitambaa vilivyofumwa vikakaza, visivyovutika. Ipo ya kuyeyuka majini, inayofaa lesi na vitambaa vyepesi vinavyoonyesha. Na ipo ya kukata, ambayo ziada yake hupunguzwa kwa mkasi na iliyobaki hukaa nyuma ya mchoro maisha yote ya nguo. Fulana na kila kitambaa kinachovutika kipewe hii ya kukata. Wapo watakaowaambia ya kuchana inatosha, tena nyuma hubaki safi. Siafikiani nao kabisa. Ukishaichana na nguo ikafuliwa mara kadhaa, hakuna tena kinachoishikilia ile mishono, na mchoro unajikunja. Kwa taulo, ongezeni juu yake utando mwembamba wa kuyeyuka majini, la sivyo herufi zinazama ndani ya manyoya.

Sasa kufunga fremu. Kitambaa kinyooke, kisivutwe. Ukiivuta fulana ndani ya fremu, utadarizi juu ya kitambaa kilichotanuka. Ukiitoa, kitambaa kinarudi saizi yake, mishono hairudi, na makunyanzi yanauzunguka mchoro. Hakuna pasi itakayoyaondoa. Njia ninayoipenda ni kufunga karatasi peke yake, kuipulizia gundi ya muda, halafu kuilaza fulana juu yake kwa kiganja na kuishikiza kwa pini mbali na njia ya sindano.

Kuhusu sindano na uzi sitakaa sana. Anzeni na sindano ya kudarizi namba 75/11, ambayo tundu lake ni kubwa, na uzi wa polista namba 40 juu. Kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, weka uzi mwembamba zaidi, namba 60 au 90. Ukiona chini ya kitambaa nyuzi zimejikusanya fundo kubwa, usiikimbilie bobini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi ulitungwa mguu ukiwa umeshushwa, haukuingia kwenye visahani vya mkazo, vile vinavyoubana uzi wa juu. Inua mguu, tunga upya.

Picha ya simu si mchoro wa kudarizi. Faili la mchoro ni maelekezo ya kila mahali sindano itakapochoma, na kila mashine ina aina yake ya faili: PES kwa mashine za kampuni ya Brother, JEF kwa za Janome. Msikuze mchoro uliokamilika zaidi ya asilimia 10 au 20, maana mishono huachana na kitambaa kikaonekana. Anayetaka kuchora mwenyewe atumie Ink/Stitch, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta.

Nimefika kwenye mashine. Kwa burudani, sindano moja inatosha. Utabadilisha rangi kwa mkono. Angalieni ukubwa wa fremu kuliko wingi wa michoro iliyomo ndani, kwa kuwa michoro huongezwa, lakini eneo la kudarizi la mashine haliongezeki. Sentimita 10 kwa 10 zinatosha majina na nembo za kifuani. Mwenye uwezo achukue ya 13 kwa 18.

Mashine ikifika, darizini herufi moja ileile kwenye vipande vitatu: pamba iliyofumwa, fulana na taulo. Kisha andikeni kwa kalamu, juu ya kipande chenyewe, karatasi na sindano mliyotumia. Vifueni vyote vitatu ndipo mvilinganishe.