Gauni la Kuchezea na Neno "Nipunguzie"

(Mazungumzo na mafundi cherehani, Mtwara mjini)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Asanteni kwa kufunga vibanda mchana huu, maana najua kila mmoja ameacha nguo ya mtu kwenye cherehani. Nimeombwa nizungumzie bei. Nitaizungumzia, lakini kwa nguo moja tu, gauni la kuchezea. Nasema gauni la ngoma, la sherehe ya kuwatoa wali unyagoni, la bibi harusi anayefungua muziki, la kikundi kinachokwenda kutumbuiza. Na neno tunaloambiwa kila gauni hilo linapoagizwa ni "nipunguzie".

Nimeleta kitenge hiki mkione. Ni nusu pisi, yadi tatu, yaani mita 2 na sentimita 74. Upana wake ni kama sentimita 115. Mwaka jana binti mmoja alikuja dukani kwangu na kitenge cha kipimo hikihiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, nataka gauni la kuchezea. Sketi iwe ya duara, nikizunguka ifunguke yote. Ila naomba unipunguzie, maana kitambaa nimekuja nacho."

Zamani ningeanza hapohapo kubishana naye bei. Siku ile nilimpima kwanza. Kiuno sentimita 76. Urefu wa sketi alitaka sentimita 60. Mnajua hesabu ya duara: kiuno unakigawa kwa 6.28, unapata 12, yaani nusu ya upana wa tundu la kiuno. Jumlisha 60, unapata 72. Weka sentimita 2 za pindo, 74. Sasa kitambaa cha upana wa 115 hakitoi duara lenye upana wa karibu mita moja na nusu, kwa hiyo unakata nusu mbili. Ukizipanga moja baada ya nyingine zinakula karibu mita 3. Hata ukiwa mjanja ukazigeuza zikabiliane, huendi chini ya mita 2 na sentimita 40. Kinachobaki ni kipande cha kama sentimita 30 na pembepembe. Gauni lenye mikono halitoki hapo.

Nilimtandikia kitenge mezani, nikafunga uzi kwenye chaki, nikachora bila kukata. Akaona mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa tufanyeje?"

Swali hilo ndilo ninalotaka wateja wetu wote waulize. Nikamwambia, mwanangu, njia ziko mbili. Uongeze nusu pisi nyingine, nikukatie duara zima. Au tukate nusu duara: kiuno tunakigawa kwa 3.14, sketi inakula kama mita 1 na sentimita 72, inabaki kama mita nzima ya kutoa kifua na mikono mifupi. Itafunguka, ila haitakuwa mwavuli. Na pindo, ambalo kwenye duara zima ni karibu mita 4 na nusu za kupinda kwa mkono mtulivu, kwenye nusu duara ni kama mita 2 na sentimita 65. Kwa hiyo kazi yangu imepungua, na bei inaweza kupungua kweli. Alichagua nusu duara. Alilipa pungufu, na mimi sikupoteza chochote.

Ninachowaomba leo ni hicho. Mteja akiomba punguzo, msimpunguzie bei huku kazi ikibaki ileile. Punguzeni kazi, mbele ya macho yake, achague mwenyewe kinachotoka.

Wengine mtasema, "Lakini elfu kumi na tano ni nini? Bora mteja asiondoke." Tuchukue mfano wa gauni la shilingi 60,000 ambalo kitambaa ni chako. Kitambaa 22,000. Bitana 8,000. Zipu, uzi na lastiki 3,000. Kodi ya kibanda na umeme, tuweke 5,000. Jumla 38,000. Ujira wako ni 22,000, na gauni hilo litakukalisha siku mbili ukihesabu kupima, kukata, kujaribisha na kumalizia. Mteja anasema, "Fanya 45,000." Duka la vitambaa halikurudishii kitu. Mwenye kibanda hapunguzi kodi. Zile 15,000 zote zimetoka kwako, unabaki na 7,000 kwa siku mbili. Mteja amepunguziwa robo ya bei, wewe umetoa zaidi ya theluthi mbili ya ujira. Andikeni hesabu hiyo ukutani kibandani. Mteja hana ubaya, hajui tu. Naye hawezi kujua kama sisi wenyewe hatujawahi kukaa chini tukaiandika.

Na mkishakubali 7,000, mikono yenu itafanya nini? Hapa nitawaeleza jambo langu mwenyewe, na si jambo jepesi kulisema mbele ya watu.

Miaka kadhaa nyuma walikuja akina mama kumi na mbili, walikuwa na mwali wao anatoka, wanataka sare. Kiongozi wao namheshimu sana, alikuwa somo wa dada yangu, yaani aliyemfunda unyagoni. Akaomba nishushe bei mpaka theluthi mbili ya ile niliyotaja. Niliona haya kukataa, nikasema sawa. Nilipofika kwenye meza ya kukatia, nikaanza kujifidia kimyakimya. Nafasi ya mshono ubavuni niliyozoea kuacha sentimita 2 na nusu nikaacha 1. Kile kipande cha pembe nne tunachoweka chini ya kwapa ili mkono uinuke bila kuvuta gauni zima, nikakiacha. Mshono mmoja badala ya miwili. Na sketi sikuzitundika usiku kucha kabla ya kupinda, nikapinda siku ileile.

Gauni la kukalia lingeweza kuvumilia hayo. Gauni la kuchezea haliwezi. Mmewaona wachezaji wa sindimba: magoti yamekunjwa, kiuno ndicho kinachosema, na nyonga hazitulii hata ngoma ikipoa. Hata sherehe ambayo si sindimba yenyewe, mama wa Kimakonde akisikia ngoma zile mwili wake unajua pa kwenda. Nguo inayovaliwa hapo inavutwa ubavuni, kwapani na mapajani, yote kwa wakati mmoja, kwa saa nyingi, na jasho juu yake.

Nilialikwa, nilikuwepo. Ngoma ilipopanda, mama mmoja akainua mikono, gauni likapasuka kutoka kwapani mpaka kiunoni. Wenzake walimzunguka haraka wakamfunga khanga. Kabla ya jioni yalikuwa yamepasuka matatu. Na pindo za wengine zilikuwa zimening'inia upande, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari hujivuta kikitundikwa, nami sikukipa muda wa kujivuta kabla ya kupinda.

Hakuna aliyesema, "Tulilipa kidogo." Walisema fundi hajui kushona. Na walikuwa na haki, maana niliwauzia gauni la kuchezea nikawapa kitu kingine, bila kuwaambia. Nilirudisha magauni yote nikayarekebisha bure, lakini yule mama aliyefungwa khanga hajarudi dukani kwangu mpaka leo, na tukikutana sokoni ananisalimu kwa adabu na kupita. Adabu ile ndiyo inayoniuma.

Kwa hiyo kuna vitu kwenye gauni la kuchezea ambavyo havipunguzwi kwa bei yoyote. Nafasi ya mshono. Kipande cha kwapa kama mkono umebana. Mishono miwili nyongani, au ovaloki, ule mshono wa mashine unaofunga kingo, juu ya mshono. Kutundika sketi ya mshazari usiku mmoja. Mteja akisema hana hela ya hayo, afadhali umwambie hutalishona. Vinavyoweza kupunguzwa ni vingi: marinda, bitana ya mikono, ushanga, nakshi za shingoni, upana wa duara, tabaka za gagulo. Hivyo mwekeeni mteja mezani.

Kuna hoja nyingine inayopendwa: "Fundi, tupo wengi, tupunguzie." Hoja hii ina ukweli nusu, na inafaa fundi ajue nusu ipi. Mkiwa kumi na mbili wa sare moja, mimi nanunua kitambaa kwa jora, uzi kwa boksi, safari ya kwenda duka la jumla ni moja. Paterni nachora mara moja nakuza na kupunguza. Nikiwa na kitambaa chembamba naweza kutandika tabaka nne na kukata kwa mpigo. Faida hiyo ni yenu, nawarudishia, na nawaonyesha risiti. Lakini miili kumi na miwili ni miili kumi na miwili. Kila mmoja anapimwa, kila mmoja anakuja kujaribu, na lazima watatu watakuwa wamebadilika kati ya kupimwa na kuchukua. Hapo hakuna cha jumla. Kwa hiyo kikundi kikija, punguzeni kwenye kitambaa na kwenye kukata. Kupima na kujaribisha acheni kulekule kuliko.

Sasa nije kwenye korosho, maana sisi wa Mtwara na Lindi hatuwezi kuzungumza bei tukaziacha.

Shule zikifungwa katikati ya mwaka, wali wanachezwa na harusi zinaanza. Lakini korosho zinaanza kuanguka kuelekea Septemba, minada inafunguliwa Oktoba, na mkulima aliyepeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika anasubiri mnada kwanza ndipo fedha imfikie. Kwa hiyo mtu wa Tandahimba au Newala anayehitaji gauni Julai anakuja kwetu katika miezi ambayo mfuko wake ni mkavu kuliko wakati wote. Anasema "nipunguzie". Nimejifunza kumuuliza taratibu, "Mama, bei ndiyo kubwa, au ni wakati ndio haujafika?" Mara nyingi sana jibu ni la pili, na mtu huyo ukimpunguzia hujamsaidia, kwa sababu hata hiyo iliyopungua hana leo.

Huyo mpeni awamu. Mimi nafanya hivi: fedha ya kwanza inatosha vifaa vyote, ili nisiingize hata senti yangu. Ya pili anapokuja kujaribu. Ya tatu anapochukua, na gauni halitoki kabla. Akitaka kuanza kuweka kidogokidogo tangu Machi kwa gauni la Julai, namfungulia ukurasa kwenye daftari, anasaini, nami nasaini. Msidharau daftari. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo husahau na daftari lina tarehe.

Kutoa gauni kwa ahadi ya "nitalipa korosho zikiuzwa" sikushauri tena. Mnakumbuka msimu wa 2018/2019, korosho ziliponunuliwa kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Wateja wetu hawakuwa waongo. Waliahidi kwa nia njema, na fedha haikufika. Lakini sisi tulikuwa tumeshatoa magauni, na duka la vitambaa lilitudai sisi.

Picha za kwenye simu nizigusie kidogo. Siku hizi binti anakuja na picha ya WhatsApp, gauni la salsa la likra, kile kitambaa kinachovutika, limejaa vito, anauliza, "Hili utanifanyia elfu thelathini?" Msicheke, na msiseme ndiyo kwa kuogopa kuonekana hamjui. Likra inataka sindano yake yenye ncha butu, na mshono wa zigizaga au ovaloki, maana mshono wa mstari ukivutwa uzi unakatika. Kama huna mashine, mwelekeze kwa mwenzako aliye nayo. Vito vya kubandika kimoja kimoja vihesabuni kwa saa. Mwambie kifua pekee kitachukua jioni ngapi, kisha mwulize anataka vingapi.

Na namna ya kukataa, kwa sababu wengi tunaangukia hapo. Sisi watu wa pwani haya zetu ni nyingi, na wengine huja kwa mgongo wa utani kabisa, anakwambia yeye ni mtani wako hivyo gauni ni haki yake. Utani unajibiwa kwa utani, mcheke wote, halafu bei irudi mezani ileile. Kwa mkubwa wako sema hivi: "Mama, kwa fedha hiyo naweza kukushonea gauni zuri lisilo na marinda, au tusubiri utimize tuweke marinda. Nikuandikie lipi?" Hujamkatalia mkubwa, na ujira wako uko palepale.

Kuna kijana ameniuliza pale mlangoni kabla hatujaanza: "Mama, na shangazi yako mwenyewe je?" Swali zuri, nimelibeba mpaka hapa. Desemba nilimshonea shangazi yangu wa Mikindani gauni la kuchezea kwenye harusi ya mjukuu wake. Duara zima, bitana, kipande cha kwapa, mishono miwili. Nilimtajia bei yake kamili, kisha nikamwambia, "Shangazi, hii ni zawadi." Kwenye daftari niliandika gharama zote, na pembeni nikaandika "zawadi", ili mwisho wa mwezi nijue fedha imekwenda wapi. Wiki mbili baadaye alipanda daladala akaniletea kikapu cha korosho alizobangua mwenyewe.

Haya, chaki ipo na uzi upo. Aliye karibu na meza aje achore duara kwenye hiki kitenge, wengine msogee muone kinapoishia.