Kangaga la pembe: hayo majani makavu yaacheni

Haya jamani karibuni, wale wa nyuma sogeeni maana hiki nilichobeba kwa mbali hakionekani vizuri. Hili ni kangaga la pembe, wengine wanaliita stagihoni, majani si mnaona yalivyogawanyika kama pembe za mnyama. Hili langu ni Platycerium bifurcatum, kwao Australia, lakini msidhani ni mambo ya wageni tu, ya kwetu yapo, Platycerium alcicorne inaota yenyewe kwenye miti Afrika Mashariki mpaka Madagaska huko, na ile elephantotis yenye majani mapana kama masikio ya tembo nayo ni ya Afrika hii hii.

Sasa nianze na ujinga wangu. La kwanza alinipa shangazi, nikaona pale chini kuna majani ya duara yamekauka, ya kahawia, yameukumbatia ubao, nikasema aah hizi takataka, nikachukua kisu nikabandua yote, nikajisifu na usafi wangu. Mwezi haukuisha, likafa. Kumbe lile jani kavu ndo nyumba yake! Linatoka kijani, likizeeka linakuwa kahawia ila halibanduki, linafunika mizizi, linashika unyevu, na majani ya mti yakidondoka yananasa humo yanaoza yanakuwa mbolea. Kangaga hili linakaa juu ya mti lakini halimnyonyi mwenyeji, udongo wake ndo huo.

Na ule weupe kwenye pembe msiupanguse na kitambaa kama vumbi la kabati, ni vinyweleo, vinalikinga na jua na ukavu. Mabaka ya kahawia chini ya ncha sio ugonjwa, ni spora, yaani chembe zake za kuzaliana.

Kulipandikiza kazi ndogo tu, ubao, makumbi ya nazi yaliyolowekwa, unafunga na mshipi wa kuvulia samaki. Tundika barazani penye mwanga, sio jua la saa saba.

Maji ndo yanayoua mengi, mtu anamwagilia kila siku mpaka kitako kinakuwa cheusi, laini, ndo basi tena. Mimi naloweka kwenye ndoo dakika 15 hivi, nalitundika lichuruzike, mara moja kwa wiki, joto likizidi mara mbili, na kalenda siangalii, napima uzito kwa mkono. Hizi mbao mbili ni saizi moja, hii imeloweshwa jana usiku, hii ina siku sita haijaona maji. Dada hebu shika zote mbili, umeona? Haya mpe na huyo jirani yako.