Paka Hajapotea, Amejificha

Ndugu zangu, tuanze na kimya. Mtu akimkosa paka wake ndani ya nyumba, huanza kuita kwa sauti, kuburuta viti, kufungua milango kwa kishindo. Paka yuko hatua tatu tu kutoka hapo, anasikia kila kitu, na hajibu. Ni mnyama anayewinda, lakini kwa udogo wake naye huwindwa, na akiwa na hofu kinga yake ni kunyamaza. Tukizidi kuita kwa wasiwasi, naye anazidi kujikunyata.

Kwa hiyo fungeni milango na madirisha ya nje, zimeni redio, watoto wakae chini. Na mashine ya kufulia isiwashwe mpaka mtu ameingiza mkono hadi ndani kabisa. Hili nalisema kwa uchungu: paka wamefia humo.

Kisha chukua tochi, hata kama ni mchana. Nyuma kabisa ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake hung'aa gizani. Piga magoti, weka tochi karibu na macho yako mwenyewe, mulika polepole.

Wengi hukosea hapa: wanaona upenyo na kusema hapa hapiti. Mtulinga wa paka haujaungana na mifupa mingine kama wetu, umeshikwa na misuli tu, basi panapopita kichwa mara nyingi na mwili hupita. Toa droo yote, utazame nyuma yake. Tazama nyuma ya vitabu, nyuma ya friji, ndani ya masanduku ya nguo. Pindua sofa uone kama kitambaa cha chini kimechanika. Wangu, siku tuliyohamia, alikuwa ndani ya sofa lile lile nililokalia nikimlilia.

Umemwona? Usimvute mguu, wala mkia. Kaa sakafuni, mpe ubavu, usimkazie macho. Fumba macho polepole, fumbua, fumba tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka humsogelea kwa urahisi zaidi mtu anayewafumbia macho hivyo. Chakula chake cha majimaji kipashe kidogo, kiwe vuguvugu, harufu isambae. Maji na sanduku la mchanga viwe karibu. Halafu ondoka. Paka huchangamka zaidi machweo na alfajiri. Ukinyunyiza unga kidogo sakafuni, asubuhi nyayo zitakuambia kama alitoka.

Paka mgeni anaweza kukaa mafichoni siku kadhaa, na hilo ni sawa, mradi anakula. Asiyekula kabisa kwa siku nzima, mpigie daktari wa mifugo, hasa akiwa mnene, maana njaa humharibu ini upesi. Na dume anayejikamua bila kutoa mkojo hasubiri hata saa moja. Huyo mfunike kwa taulo, mwingize kwenye kikapu chake, nendeni.

Lakini aliyetoka kwa hiari yake, tafadhali msimnyime maficho. Mwekeeni boksi la kadibodi pembeni. Mwaka 2014, watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliona kwamba paka wapya katika makao ya wanyama waliopewa boksi la kujificha walitulia mapema kuliko wenzao walionyimwa.